Siku Daktari Alipogeuza Kope Yangu

Januari 2024 Dar es Salaam ilivaa miwani ya jua. Kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, hata kanisani, watu walikaa wameficha macho, na aliyevua miwani yake alikimbiwa kama mtu aliyekohoa enzi za Uviko. Kwangu iliingia alfajiri moja. Niliamka jicho la kushoto halifunguki, tongotongo limekauka na kuzigandisha kope kama gundi. Nikalilowesha kwa maji ya uvuguvugu mpaka likaachia, nikajitazama kwenye kioo: jekundu kama nyanya mbivu. Kufikia jioni la kulia nalo limefuata.

Mimi nafanya kazi maabara. Kazi yangu ni kutafuta vijidudu kwenye damu, kwenye mkojo, kwenye usaha, na kumwandikia daktari nilichokiona. Najua kwamba macho mekundu ya mlipuko kama ule huletwa na virusi, na kwamba virusi havisikii dawa za bakteria. Lakini maumivu yana haraka zake. Nikaingia duka moja la dawa njiani kuelekea kazini, muuzaji akanipa kichupa cha matone akaniambia, "Dada, hii kiboko, keshokutwa umepona." Nikalipa nikaondoka bila kusoma.

Siku mbili kweli wekundu ulipungua. Siku ya tatu mwanga wa dirishani ukaanza kunichoma, na maandishi ya simu yakaanza kuonekana kwa ukungu. Ndipo nikasoma lebo ya kile kichupa. Ndani yake mlikuwa na steroidi. Steroidi hutuliza uvimbe kwa sababu inawatuliza askari wa mwili wenyewe, na jicho lenye virusi ukiwaondoa askari wake, virusi hukaa siku nyingi zaidi. Jicho lenye fangasi, kwa mfano la mkulima aliyechomwa na jani la muhindi, au lenye virusi vya malengelenge, linaweza kuharibika moja kwa moja kwa matone hayohayo. Nasema haya kwa uzito wote: usitie steroidi machoni bila mtu aliyekutazama jicho kwa mashine. Vichupa hivyo vinauzwa kama pipi na mimi nilikuwa mnunuzi.

Nikaenda kliniki ya macho. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mikono yake ina ubaridi wa mtu anayenawa kila baada ya mgonjwa. Akanitazama kwenye mashine, akaniambia konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ina madoa madogo yanayotokana na virusi, yatafifia, niache yale matone. Kisha akasema niangalie chini, akashika nywele za kope ya juu, akaweka kijiti cha pamba, akaipindua. Akanyamaza. Akapindua na ya pili. Akamwita mwanafunzi wake aje aone.

"Mama, kwenu wapi?"

"Nakaa Tabata."

"Sikuulizi unapokaa. Umekulia wapi?"

"Kongwa."

Akaitikia kwa kichwa. "Nilijua ni Dodoma. Una makovu ya vikope. Ya zamani, yametulia. Nani kwenu alikuwa na vikope?"

Nikamwambia, bibi yangu. Nikatoka pale nimeshika bahasha ya dawa za kulainisha macho, nikakaa kwenye benchi la nje muda mrefu. Miaka kumi na saba nimefanya kazi ya kutafuta vijidudu vya watu wengine. Alama za vijidudu vyangu nilikuwa nimezibeba chini ya kope tangu utotoni na hakuna aliyewahi kuzigeuza akazisoma.

Kwanza niseme kidogo juu ya yale macho mekundu, maana wengi bado wanauliza. Ule mlipuko wa 2024 ulizunguka pwani yetu, Dar, Zanzibar, Mombasa, ukapanda bara. Magonjwa ya namna ile yana historia. Mwaka 1969 Ghana ilipata mlipuko mkubwa wa macho mekundu yanayovia damu, na kwa kuwa ulikuja wakati ule ule chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, watu wa Accra waliuita ugonjwa huo Apollo. Hadi leo Kongo ukiumwa macho utasikia watu wanasema "Apollo". Kijidudu chake kilipewa jina enterovirusi 70. Mwaka uliofuata Singapore ikapata mwingine unaofanana nao, ulioletwa na koksaki A24. Virusi hivi hukuingia na ndani ya siku moja au mbili jicho limeshawaka. Kuna na adenovirusi, hivyo huchukua muda zaidi kuanza na hukaa muda zaidi kuondoka. Vyote hupitia mikononi. Unajikuna, unashika bomba la daladala, mwenzio anashika, anajikuna.

Tiba yake ni kunawa mikono, kutochangia taulo na mto, kitambaa safi chenye maji baridi, na subira ya wiki moja au mbili. Mtaani kwetu wapo waliotia mkojo, wapo waliotia chai ya rangi, wapo mama waliokamulia watoto maziwa ya ziwa. Siwacheki, jicho linapowaka mtu hushika chochote. Lakini mkojo na maziwa huingiza bakteria mahali ambapo tayari ngozi ya jicho ina vidonda, na ndivyo ugonjwa wa wiki moja unavyogeuka kuwa kovu la maisha.

Vikope ni habari nyingine kabisa. Hapa sina haraka.

Kinacholeta vikope, ambavyo kitaalamu huitwa trakoma, ni bakteria anayeitwa klamidia. Najua jina hili linawashtua watu, kwa sababu klamidia wengi wanaifahamu kama ugonjwa wa zinaa. Ni ukoo mmoja wenye matawi. Tawi la A, B, Ba na C ndilo linaloleta vikope. Tawi la D hadi K ndilo linalokaa sehemu za siri. Mtoto mwenye vikope hakupata uchafu wa mtu mzima yeyote. Amempata bakteria kutoka kwa mtoto mwenzake aliyelala naye mkeka mmoja.

Bakteria huyu ana tabia ya ajabu. Hawezi kuishi peke yake. Lazima aingie ndani ya seli ya mtu. Nje ya seli ni punje ndogo ngumu isiyokula wala kuzaana, inasubiri tu. Ikishaingia ndani inafumuka, inajigawa mara nyingi, na baada ya siku mbili au tatu seli inapasuka na kumwaga punje mpya zinazotafuta seli nyingine. Kwa sababu hiyo haoti kwenye sahani zetu za maabara kama bakteria wa kawaida. Mwaka 1907 Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek, wakiwa Java, walimwona kwa darubini kama vidoa ndani ya seli, lakini kumkuza kulishindikana kwa nusu karne na wengi waliamini ni virusi. Aliyefanikiwa ni Mchina, Tang Feifan, Beijing, akatangaza mwaka 1957. Alimkuza ndani ya kiini cha yai la kuku lenye kifaranga. Siri yake ilikuwa kwenye dawa aliyotumia kuua bakteria wengine: badala ya penisilini, ambayo ilikuwa inamzuia pia yule anayetafutwa, alitumia streptomaisini. Kisha akatia vijidudu vile kwenye jicho lake mwenyewe, akaugua, akavitoa tena humo. Nikiwa chuoni jambo hilo nililipita kama mstari wa mtihani. Sasa kila nikipiga mswaki mbele ya kioo namkumbuka yule mtu.

Ukipata vikope mara moja unapona. Utawashwa, utatoa tongotongo, chini ya kope yako ya juu zitaota punje ndogo kama za mtama, halafu zitaisha. Hatari iko kwenye kurudia. Makadirio yaliyofanywa na watafiti yanasema kufikia upofu kunahitaji maambukizi zaidi ya mia moja na hamsini katika maisha ya mtu. Kila mara mwili unapambana, na mapambano yenyewe ndiyo yanayoacha kovu. Kovu juu ya kovu, mpaka upande wa ndani wa kope unavutika kama ngozi ya ngoma iliyokauka juani, ukingo wake unajipinda kwa ndani, na nywele za kope zinaanza kusugua konea. Kila ukipepesa macho ni msasa. Na mtu hupepesa macho maelfu ya mara kwa siku.

Hapo ndipo alipokuwa bibi yangu nilipopata akili ya kumtambua.

Alikuwa na kibano cha chuma amekifunga kwa uzi shingoni. Asubuhi, jua likishapanda, alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya tembe, akaniita. "Mjukuu wangu, njoo unitoe miba." Miba ilikuwa nywele za kope zake. Mimi ndiye niliyekuwa na macho mazuri kati ya wajukuu, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka sita au saba. Nilishika uso wake kwa mkono wa kushoto, nikang'oa moja moja, naye hakutikisika. Nilipomaliza machozi yalimtiririka, akayafuta kwa pembe ya kanga. Kisha, kwa pembe ileile, akanifuta na mimi pua. Na mdogo wangu. Na mtoto wa shangazi. Tulikuwa wanane pale nyumbani na sote tulifutwa na kanga moja.

Nimeiwazia kanga ile kwa namna mbili. Kama mtu wa maabara naona barabara: punje za klamidia zikisafiri kutoka jicho la mtoto hadi la bibi, kutoka la bibi hadi langu. Kama mjukuu nakumbuka ilikuwa inanuka moshi na samli, na kwamba ukifutwa nayo kilio kinakoma. Siwezi kuchagua moja. Shirika la Afya Duniani linasema vikope huwapofusha wanawake hadi mara nne zaidi ya wanaume, na sababu yake ndiyo hiyohiyo. Vijidudu hivi hukaa zaidi kwa watoto wadogo, na anayewapakata watoto wadogo tangu akiwa dada mtu hadi anakuwa bibi ni mwanamke. Bibi hakupofuka kwa uzembe. Alipofuka jicho moja kwa kuwalea watu wanane, na kabla yetu baba zetu, na kabla yao wadogo zake.

Lakini neno aliloambiwa lilikuwa uchafu. Nakumbuka mtu wa afya aliyekuja kijijini, simtaji wala ofisi yake, akasimama chini ya mbuyu na kuwaambia akina mama kwamba vikope ni ugonjwa wa wachafu, waone aibu, waoshe watoto nyuso. Bibi alirudi nyumbani kimya. Jioni akamwambia mama, "Maji ya kuosha nyuso nitayatoa wapi, niibe ya ng'ombe?"

Kongwa ni nchi kavu. Mvua huja kwa miezi michache, halafu inaondoka. Kiangazi tulichimba mchanga wa korongo mpaka mikono inazama begani, tukasubiri maji yajichuje, tukachota kwa kata. Dumu moja la lita ishirini lilikuwa asubuhi nzima. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapohapo na matrekta na fedha nyingi kulima karanga, wakitaka mafuta kwa ajili ya watu wao baada ya vita. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua zikawakatalia, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Waliikuta nchi ileile aliyoishi bibi.

Katikati ya miaka ya 1980 walikuja watu wengine, watafiti wa macho, Watanzania na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, miongoni mwao Sheila West. Hao walifanya jambo ambalo mimi nawaheshimu nalo hadi leo: waliuliza maji ya nyumbani yanatumikaje na nani anaamua. Waligundua kwamba umbali wa kisima peke yake hauelezi kila kitu. Zilikuwepo nyumba za mbali zenye watoto wa nyuso safi na nyumba za karibu zenye watoto wa tongotongo. Akina mama wengi waliamini kunawisha mtoto kunakula maji mengi, na mama hakuwa huru kuamua peke yake. Baba na wakwe walikuwa na neno juu ya maji na juu ya muda wake. Kwa hiyo badala ya kumwaibisha mama, walikaa na kijiji kizima, wazee na wanaume wakiwemo. Baadaye walipima kwa vijiji sita vilivyopangwa viwili viwili. Vyote vilipewa dawa ya kupaka ya tetrasaiklini, vitatu vikapewa pia kampeni ya kunawa uso. Matokeo yalichapishwa 1995: kwenye vijiji vya kampeni nyuso safi ziliongezeka, na vikope vikali kwa watoto vilikuwa vichache zaidi.

Nzi nao wana sehemu yao. Kwetu nzi wengi ni dalili ya ng'ombe wengi, na mtoto mwenye nzi usoni hakuna aliyemshangaa. Nzi anayependa macho ya watu ana jina lake kitaalamu, Musca sorbens. Hutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, na ndani ya shimo la choo hazaliani. Kwa hiyo choo cha shimo cha kawaida tu, cha miti na udongo, kinapunguza nzi wa macho. Hilo lingeelezwa chini ya ule mbuyu, bila neno aibu, nadhani vyoo vingechimbwa mapema.

Kisha ikaja dawa ya kumeza. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer ilianza kutoa bure azithromaisini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi tano za mwanzo kuipokea. Wakati huo nilikuwa shule ya bweni. Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia siku ya kingatiba: watoto wamepangwa mstari, kila mmoja anasimamishwa kwenye fimbo yenye alama, urefu wake ndio unaosema ameze kiasi gani, mara moja kwa mwaka, basi. Wale wa chini ya miezi sita walipewa mafuta ya tetrasaiklini ya kupaka. Kijiji kizima kinameza siku moja, anayeumwa na asiyeumwa, kwa sababu ukimtibu mmoja ukawaacha saba wa mkeka wake, mwezi ujao atakuwa ameshaambukizwa tena.

Bibi alimeza pia, ingawa kwake kilichobaki kilikuwa kovu, na kovu halina dawa ya kumeza. Alihitaji kisu. Mwuguzi aliyefundishwa upasuaji wa kope alikuja zahanati ya jirani. Sindano ya ganzi, mkato mfupi juu ya ukingo wa kope, ukingo unageuzwa nje, unashonwa. Si saa nzima. Njia hiyo ilikuwa imejaribiwa Oman ikilinganishwa na nyingine kadhaa, ikaonekana ndiyo inayoshika vizuri zaidi. Na Oman yenyewe mwaka 2012 ikawa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa kwamba imeondoa vikope kama tatizo la afya ya jamii. Jirani yangu wa Tabata ana shangazi Muscat aliyepasuliwa kope akiwa msichana; tulipolinganisha hadithi tulikuta hata kibano kilikuwepo.

Jicho la kulia la bibi lilikuwa limeshakuwa jeupe, halikurudi. La kushoto liliokoka. Kibano hakukitupa. Alikitumia kututoa miiba ya kweli miguuni.

Watu huniuliza kama ugonjwa huu bado upo. Burundi ilithibitishwa kuuondoa 2025, Malawi 2022, Ghana 2018. Kwetu wilaya nyingi zimetoka kwenye orodha, lakini kwa wafugaji wa Longido, Ngorongoro na Simanjiro unang'ang'ania, unapungua kisha unarudi. Sishangai. London ilianzisha hospitali ya macho ya Moorfields mwaka 1805 kwa sababu askari walirudi na ugonjwa huu kutoka vita vya Misri. Pale Ellis Island, lango la wahamiaji wa New York, maofisa waligeuza kope za watu kwa ndoano ya kufungia vifungo vya viatu, na mwenye trakoma alirudishwa alikotoka. Ulaya ya magharibi iliuaga ugonjwa huu kabla azithromaisini haijazaliwa, nyumba zilipopata nafasi na mabomba yalipopata maji. Mmaasai anayehama na ng'ombe kufuata malisho hana bomba la kuhama nalo. Vidonge vinamfikia mara moja kwa mwaka. Mdomo wa kisima uko kilomita kadhaa kila siku.

Mwaka 2009 nilikwenda likizo Kongwa, nimeshaanza kazi, na nilikuwa nimesoma habari ya wale watafiti na maji ya uso. Nikataka kuona mwenyewe. Nikamwomba bibi kopo la lita moja. Nikalitoboa tundu dogo kwa msumari, nikaliziba kwa kijiti, nikalining'iniza kwenye mti kama kibuyu chirizi. Watoto wa nyumbani wakaja, wakaja wa jirani, wakaja na wale waliokuwa wanachunga mbuzi. Kila mmoja alikinga viganja, akanawa uso, akaondoka akijikausha kwa hewa. Bibi alikaa kwenye kigoda chake akihesabu kwa sauti, kwa Kigogo, akitazama kwa lile jicho la kushoto.

Alipofika kumi na tisa watoto walikuwa wameisha. Akanyanyuka, akalishusha kopo, akalitikisa karibu na sikio.

"Bado yamo," akasema. Akayamwagia mche wa mpapai.